Waipa na Mvua ya Mbooni

Mume wangu alipoambiwa kwamba macho yake hayatapona, jambo la kwanza aliloniambia tulipotoka kwa daktari halikuhusu macho. Alisimama kwenye ngazi za hospitali, mkono wake begani mwangu, akasema, "Basi itabidi ujifunze kuendesha gari."

Tuliishi Kitui wakati huo. Mimi nilikuwa muuguzi na mkunga, yeye alikuwa dereva wa lori la serikali lililopeleka mabomba na saruji kwenye visima vilivyokuwa vikichimbwa huko chini kwenye joto. Presha ya macho ilimwibia nuru kidogo kidogo. Alianza kwa kugonga mabega kwenye milango. Baadaye akawa hamwoni mtu aliyesimama kando yake mpaka mtu huyo aseme neno. Mwishowe, asubuhi moja, aliegesha lori mbele ya ofisi, akampa mkubwa wake ufunguo, akasema hataki kuua mtoto wa mtu. Alirudi nyumbani kwa miguu, akipapasa ua wa michongoma njia nzima.

Gari letu wenyewe lilikuwa dogo, la Kiingereza, la rangi ya maziwa. Alilinunua kwa daktari wa mifugo, Mzungu, aliyekuwa akirudi kwao miaka michache baada ya Uhuru, na hata wakati huo lilikuwa gari la zamani. Likikohoa, alijua linataka nini. Hakuna fundi aliyelifungua bila yeye kusimama hapo. Kwa hiyo aliposema nijifunze kuendesha, nilielewa kwamba hakuwa akifikiria safari tu. Hakutaka liuzwe.

Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira, jioni, ng'ombe wakiwa wameshaondolewa. Yeye alikaa kiti cha kushoto, akisikiliza. "Injini inalia, badilisha gia." "Umeachia klachi ghafla. Iachie kama unamlaza mtoto." Nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Wanawake waliosimama kando kunitazama walicheka wakiziba midomo, nami nilicheka pia, kwa woga. Siku nilipozunguka uwanja mzima bila injini kuzimika, alipiga dashibodi kwa kiganja. "Dereva!" akasema. Kuanzia siku hiyo ndivyo alivyoniita, hata mbele ya watoto wetu walipokuja likizo.

Nilipata uhamisho wa kwenda kwenye zahanati moja karibu na Kikima, katika milima ya Mbooni, na tulifurahi, kwa kuwa huko ndiko kwao mume wangu. Alikuwa na shamba la baba yake, la ngazi ngazi, lenye mahindi, maharagwe, na miparachichi iliyopandwa kabla yeye hajazaliwa. Huko alijua kila jiwe. Hakuhitaji macho kwenda kisimani wala chooni. Lakini barabara za Mbooni si uwanja wa mpira wa Kitui. Zilikuwa za udongo mwekundu, zinapanda na kujikunja, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili huoni kitu ila vichwa vya miti iliyoota chini. Mvua ikinyesha, udongo ule unakuwa kama sabuni. Na hata isiponyesha, katikati ya mwaka kuna ukungu na manyunyu yanayokaa kwenye kioo asubuhi nzima.

Nilijitahidi. Jumapili tulienda kanisani pamoja, yeye amevaa koti lake la kijivu na tai, ameketi wima kushoto kwangu. Siku za soko tulishuka Tawa. Hakuwahi kulalamika juu ya uendeshaji wangu. Tukifika alikuwa akisema tu, "Asante, Dereva," kisha anakaa kidogo kabla hajafungua mlango, kama mtu anayekusanya vitu vyake. Nilidhani anaomba.

Mwaka mmoja hivi baada ya kuhamia huko, waipa zilianza kukatika.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kona moja mbaya tukirudi kutoka kanisani. Mvua ilikuwa kubwa, na waipa zikasimama katikati ya kioo kama mikono ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nilisimamisha gari. Akauliza, "Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Huenda umevuta swichi kwa nguvu."

"Sijaivuta, Baba watoto. Iko pale pale."

Alishuka, akafungua boneti kwa kupapasa, akashika mota ya waipa na nyaya zake, mvua ikimmwagikia mgongoni. Akasema, "Washa." Nikawasha. Waipa zikaenda vizuri kabisa. Aliingia ndani akiwa amelowa, akafunga mlango, tukaondoka, na kabla hatujafika nyumbani zikawa zimekufa tena.

Keshoye tulianza kutafuta. Ninapokumbuka miaka ile, hiki ndicho kipande ambacho bado kinanifurahisha, ijapokuwa hatukupata tulichotafuta. Gari lilikaa kwenye kibanda chake cha mabati pembeni ya nyumba, nami nilitoka zahanati nikabadilisha sare, nikavaa leso na viatu vya shamba, tukaanza. Yeye alikuwa mikono, mimi nilikuwa macho.

"Unaona waya wa rangi gani hapo?"

"Kijani."

"Kijani mtupu, au una mstari?"

Niliinama zaidi. "Una mstari mwekundu, umefifia."

"Huo ndio unaopeleka umeme kwa mota. Niwekee kidole changu juu yake."

Alinitengenezea taa ya kujaribia: balbu ndogo ya gari iliyounganishwa na vipande viwili vya waya. Kipande kimoja nilikigusisha kwenye bodi ya gari, cha pili kwenye kiungio alichonionyesha. Ikiwaka, umeme umefika hapo. Isipowaka, umekatika kabla ya hapo. Nilikuwa nikimwambia, "Imewaka," lakini hakuridhika. Aliishika balbu kwa vidole viwili, akangoja mpaka aisikie ikipata joto, ndipo akakubali kwa kichwa.

Tulianzia kwenye fyuzi. Aliitoa, akaisugua ncha zake kwa msasa, akairudisha. Tukaja kwenye swichi, tukaifungua juu ya gazeti mezani, na mimi nikapewa kazi ya kukumbuka kila kijisehemu kilikaa wapi. Ilikuwa safi. Tukaenda kwenye waya mweusi unaofungwa kwenye chuma cha bodi, ule ambao mafundi huuita athi. Alisema mara nyingi ugonjwa wa umeme wa gari huwa hapo, kutu ikiingia chini ya bolti umeme hauna njia ya kurudi. Tulilegeza bolti, tukakwangua mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Mwisho tulifungua mota yenyewe. Makaa yake, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota, yalikuwa yamelika, akaweka mengine aliyoyachonga kwa kisu kutoka kwenye makaa ya dainamo kuukuu.

Kila tulipomaliza hatua moja tulijaribu. Mimi nilikaa kiti cha dereva, nikawasha swichi, yeye akasimama mbele, kiganja kimelala juu ya kioo, na waipa zikampita juu ya vidole. Zilifanya kazi. Kila mara zilifanya kazi. Fundi mmoja wa Kikima alikuja akalizunguka gari, akawasha, akazima, akawasha, akasema gari ni zima na sisi tunalionea.

Kisha mvua inakuja, tunaingia barabarani, tunafika mlimani, zinasimama.

Nadhani tungeendelea hivyo, tukilalamika na kucheka, kama si mazishi ya dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki. Aliolewa upande wa Tawa, na kila tuliposhuka sokoni tulipita kwake, akatupakulia isyo, mahindi na maharagwe yake ambayo mume wangu alisema hakuna mwanamke mwingine anayejua kuyachemsha, na kusema hivyo mbele yangu hakukumtia aibu hata kidogo. Aliugua muda mfupi akafa. Mazishi yalipangwa wakati wa mvua za mwisho wa mwaka.

Tulitoka mapema. Mbingu zilikuwa nyeusi tangu asubuhi, na tulipoanza kuteremka mvua ilifunguka. Kwenye kona ya pili waipa zikafa. Nikasimama, akashuka na suti yake, akafungua boneti, akasema washa, zikaenda. Akaingia. Kona iliyofuata zikafa tena.

"Endelea polepole," akasema.

"Siwezi kuona."

"Toa kichwa dirishani."

Nilitoa kichwa dirishani. Mvua ilinipiga machoni, na chini yangu niliona ukingo wa barabara ukimeguka. Nilirudisha kichwa ndani nikavuta breki ya mkono. "Baba watoto, siwezi. Nitatuua."

Alikaa na kofia yake magotini. Nje maji mekundu yalikuwa yakikimbia mtaroni. Alishuka tena, akafungua boneti tena, nikamwona kupitia kioo kilichojaa maji akipapasa mahali pale pale tulipokwisha kupapasa mara zote zile, huku midomo yake ikitikisika. Alirudi ndani suti yake ikidondosha maji. Tukangoja. Mvua ilipopungua kiasi cha mimi kuona, nikaendesha, na hapo ilikuwa alasiri.

Tulipofika watu walikuwa wakinawa mikono. Udongo ulikuwa umesharudishwa. Shemeji yake alitupeleka nyuma ya nyumba, na mume wangu akapiga magoti kwenye matope, akapitisha viganja vyote viwili juu ya kile kichuguu cha udongo mbichi, mwanzo mpaka mwisho.

"Kichwa kiko upande gani?" akauliza.

Wakamwonyesha kwa kumshika mkono. Aliuacha mkono wake hapo muda mrefu. Hakulia.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa jikoni nikimsimulia mambo ya zahanati, kwa sababu nilichoshwa na kimya cha nyumba. Nilimwambia nimeitwa kwa mama mmoja ng'ambo ya mlima, kwamba mvua ilinikuta huko, kwamba mtoto amezaliwa salama. Akauliza, "Na waipa?"

"Zilifanya kazi."

"Njia yote?"

"Njia yote, kwenda na kurudi."

"Uliendesha peke yako?"

"Peke yangu."

Niliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma kitu, "Zile mara nyingine zote ulizokuwa peke yako, zilikatika?"

Nilifikiri. "Hapana. Nadhani hapana."

"Basi ni mimi," akasema.

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Lakini uso wake haukuwa wa utani. "Nikiwa ndani zinakufa," akasema. "Nisipokuwa ndani zinafanya kazi. Sijui ni kwa nini, lakini ni mimi."

Nilifanya kile ambacho angefanya mtu yeyote anayempenda mwenzake. Niliacha mboga, nikaketi karibu naye, nikamshika mkono. Nikamwambia asiseme hivyo, kwamba yeye ni mtu wa kanisa na asiamini mambo ya mikosi, kwamba ni uchungu wa dada yake unaomsemesha. Nilimwambia gari ni chuma, halijui nani ameketi ndani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Hakusema tena juu ya jambo hilo, na hakuingia tena ndani ya gari.

Mwanzoni nilimsihi. Jumapili ya kwanza nilimngoja nikiwa nimeshawasha injini, akaja mpaka mlangoni mwa kibanda, akasema, "Nenda, Dereva. Usikose kufika kwa sababu yangu." Jirani mmoja alikuwa akimshika mkono na kumpeleka kanisani kwa miguu, lakini njia ile ni ya mawe na mteremko mkali, na baada ya kuanguka na kuumia goti aliacha. Watu walimuulizia, baadaye wakazoea. Jumamosi aliendelea kuliosha gari, kila mahali, hata chini ya mabawa yanayofunika magurudumu. Alikuwa akiwasha injini akiwa amesimama nje, akasikiliza kidogo, akazima, akafunga mlango. Alipungua mwili. Watoto walipokuja waliniuliza kama anakula.

Nami niliendesha peke yangu katika mvua za misimu yote hiyo, na waipa hazikunisumbua hata mara moja. Kila ziliponifikisha nyumbani salama niliona haya kumwambia.

Siku niliyopata jibu nilikuwa natoka Tawa kuchukua dawa. Mzee mmoja wa kanisa letu, mtu mrefu sana, miguu yake kama ya korongo, aliniomba lifti mpaka Kikima. Alikaa kushoto, magoti yamekaribia kidevu. Mvua ilitukuta mlimani. Niliwasha waipa, zikaenda vizuri, tukazungumza habari za paa la kanisa. Tulipoingia kwenye kona kali, gari likateleza kidogo nyuma, naye akashtuka akanyoosha miguu akajikaza.

Waipa zikasimama.

Nilikanyaga breki. Nilimtazama yule mzee, kisha nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza ule ubao ulioinama mbele, chini ya dashibodi, uliofunikwa zulia.

"Mzee," nikasema, "rudisha mguu nyuma."

Akaurudisha. Waipa zikaenda.

"Uweke tena pale ulipokuwa."

"Hapa?"

Zikasimama.

"Utoe."

Zikaenda. Nilimfanya arudie mpaka akaniangalia vibaya. "Sista, tunaenda nyumbani ama tunacheza?" Ndipo akaona ninalia, akaogopa, akaanza kuniomba msamaha kwa ajili ya kiatu chake, akidhani ameharibu gari la watu.

Nilimshusha Kikima nikaenda nyumbani. Mume wangu alikuwa barazani, ameketi kwenye kiti chake cha kamba, mvua ikidondoka kwenye mabati. Nilichuchumaa mbele yake bila hata kuvua koti.

"Ulikuwa wewe," nikamwambia. "Ulisema kweli. Ulikuwa mguu wako."

Nilimweleza yote, ubao, zulia, yule mzee. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mguu upi?" akauliza.

"Wa kulia."

Mguu wake wa kulia ukasogea mbele polepole kwenye sakafu ya baraza na kukandamiza, kisigino chini, vidole juu, akaangua kicheko kifupi kilichokatika. "Breki," akasema. "Nilikuwa nakanyaga breki."

"Kwenye kiti cha abiria?"

"Miaka yote ile ya lori, Dereva. Mguu haujui kwamba macho yamekwisha."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Kila kona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kuendesha."

Hakuna maneno niliyoambiwa maishani ambayo nimeyarudia kichwani kama hayo. Alikaa pale kushoto kwangu Jumapili baada ya Jumapili, gizani, akisikia matairi yakiteleza pembeni ya bonde, amefunga mdomo wake, na woga wake wote akaupeleka mguuni. Na mimi nilidhani anaomba. Zaidi ya hapo, kuna ile siku jikoni. Alikuwa amelipata jibu. Alisema, "Basi ni mimi," na alisema sawasawa, kama alivyokuwa akisema kuhusu fyuzi na athi. Kama ningeacha kumfariji, nikamuuliza, "Wewe ukikaa hapo unafanya nini?", tungekwenda kibandani wakati ule ule. Lakini nilisikia huzuni nikaitibu huzuni.

Asubuhi tulibandua zulia. Nyuma ya ubao ule ndimo ulimopita waya wa kijani wenye mstari mwekundu, kabla haujatokea kwenye tundu la kwenda kwenye mota. Niliutazama kwa tochi nikamwambia ni mzima, ganda halijachubuka popote. Aliuchukua, akaupitisha kati ya vidole vyake, kidogo kidogo, akiukunja na kuukunjua. Vidole vikasimama mahali pamoja. "Shika hapa." Nilishika. Ganda lilikuwa zima, lakini ndani yake palikuwa laini kama utambi. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda kwa kukandamizwa siku nyingi. Waya ukilegea, ncha zinagusana na umeme unapita. Ukivutwa, zinaachana. Taa yetu ya kujaribia ilikuwa ikiwaka kwa sababu kila tulipojaribu hakuna aliyekuwa ameketi pale.

Aliukata, akaumenya, akausokota. Nilipasha moto chuma cha kuunganishia kwenye jiko, nikamshikia mkono, akayeyusha risasi ya kulehemu juu ya kiungo. Akakifunga kwa tepu nyeusi, safu juu ya safu, kuliko ilivyohitajika. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka wakati huo, na miguu ilikuwa ikivimba jioni. Moyo wake ulikuwa umechoka. Nilizijua dalili hizo kwa wagonjwa wangu, nyumbani nikaziita uchovu.

"Mvua ikinyesha," akasema, "tutaenda Tawa. Nitakanyaga vile ninavyotaka."

Mvua ile niliyorudi nayo kutoka Tawa ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Msimu uliofuata wingu lilikuja likapita. Msimu wa baada ya huo hata wingu halikuja. Maharagwe yalikauka yakiwa na majani mawili. Watu wa bonde walipanda kwetu kutafuta maji, na visima vya Mbooni, ambavyo mume wangu alisema hajawahi kuviona vikavu, vilianza kutoa matope. Tulikula mahindi ya njano ya msaada. Kila jioni alitoka nje akainua uso, akinusa hewa.

Siku moja nilichota maji kwenye karai nikamwambia, "Njoo uketi garini. Nitamwaga haya juu ya kioo, wewe ukanyage."

Aliuliza, "Maji ya wapi?"

"Ya pipa."

"Usimwage maji, Dereva," akasema. "Tunaweza kungoja."

Aliingia garini tena mara moja tu, tukienda hospitali, vumbi likitufuata barabara nzima. Mbingu zilikuwa tupu. Nilimwona amekunja miguu yake na kuificha chini ya kiti, amejishika magoti kwa mikono miwili. Kwenye kila kona aliikunja zaidi.

"Kanyaga tu," nikamwambia. "Waya umepona. Kanyaga."

"Nimeshazoea hivi," akasema.

Nilipunguza mwendo mpaka gari likawa linatembea kama mtu. Nilitamani kumwona akinyoosha mguu ule. Hakuunyoosha. Alifia hospitalini wiki hiyo, mchana, nikiwa nimetoka kumtafutia uji.

Baadaye niliendesha gari lile miaka mingine kadhaa, kisha spea zikakosekana kabisa nikamwachia fundi wa Kikima alifanye atakavyo. Watu huniuliza kama sikuumia kuliacha. Sikuumia sana. Lilikuwa chuma.

Mvua ilikuja baada ya mazishi, wageni wakiwa bado hawajaondoka wote. Ilianza adhuhuri bila upepo, matone makubwa, harufu ya udongo ikajaa mpaka vyumbani. Watoto walikimbia nje kuweka sufuria chini ya mabati. Mwanangu wa kwanza aliniuliza kama nataka alitoe gari kibandani, kwa kuwa alijua habari ya waipa. Nilimwambia aliache. Nilikaa ndani nikasikiliza mpaka ilipokatika jioni. Asubuhi majirani walikuja na majembe, kwa sababu ardhi ilikuwa imelowa na hakuna aliyejua kama ingelowa tena, tukapanda maharagwe.